Kilichomo Ndani ya Kitufe: Kufungua Swichi za Kibodi za Zamani Mbele ya Darasa

Katika mada ya umeme, swichi ni kifaa ambacho mwalimu wa shule ya msingi hukitaja mara nyingi na kukionyesha mara chache. Aghalabu huchorwa ubaoni mfano wa kilango kinachofunguka na kufungika. Wanafunzi huunakili mchoro huo katika madaftari yao, kisha somo huendelea kwenye balbu na betri. Huo si uvivu wa mwalimu. Swichi ya ukutani haifai kufunguliwa mbele ya watoto, kwa maana nyuma yake mna umeme wa volti 230. Nayo swichi ya tochi, ukiisha kuifungua, ni kibati kimoja kinachosukumwa kigusane na kingine, wala hakuna zaidi cha kutazama. Makala haya yanapendekeza swichi nyingine, iliyo ndogo kiasi cha kushikwa kwa vidole viwili, isiyo na hatari ya umeme ikiisha kutolewa katika mashine yake, na yenye mambo ndani yake ambayo hata mwalimu hayatarajii. Nayo ni swichi inayokaa chini ya kitufe cha kibodi ya kompyuta ya zamani.

Nasema ya zamani kwa sababu maalumu. Kibodi nyingi zinazouzwa leo kwa bei nafuu hazina swichi moja moja; chini ya vitufe vyote mna tandiko moja la mpira na karatasi za plastiki. Hata hizo zina mafunzo yake, nasi tutazifikia. Lakini katika miaka ya 1970 na 1980 kibodi ilikuwa sehemu ya mashine ya gharama kubwa, na wahandisi walitafuta kila njia ya kukiwezesha kidole kutambua, pasipo macho kutazama, kwamba herufi imekwisha kupokewa. Wapiga chapa waliokuwa wakihamia kwenye kompyuta walikuwa wamezoea mashine za kupiga chapa kama ile ya IBM Selectric, iliyotoka mwaka 1961, ambayo kila herufi yake ilisikika na kuhisiwa. Kompyuta haina nyundo inayogonga karatasi. Mhisio ule ilibidi utengenezwe makusudi ndani ya kitufe chenyewe, na hapo ndipo zilipozaliwa swichi za aina nyingi: zenye vibamba vya shaba, zenye springi inayopinda, zenye sumaku, zenye sponji.

Kibodi ya namna hii yaweza kupatikana katika stoo ya ofisi kongwe, au kwa fundi wa kompyuta ambaye huweka mabovu kwa ajili ya vipuri. Omba iliyokufa. Ile iliyo hai iachwe ifanye kazi; wapo watu wanaolipa fedha nyingi kwa kibodi za miaka ile, na si haki kuibomoa nzima kwa ajili ya somo ambalo mbovu ingelitosha.

Kosa langu ubaoni

Naanza na kosa langu mwenyewe, kwa kuwa ndilo lililonifundisha namna ya kulipanga somo hili. Nilikuwa nikitoa somo la kielelezo kwa Darasa la Sita, walimu wanafunzi kumi na wawili wakiwa wameketi nyuma na karatasi zao za uchunguzi wa somo. Nilikuwa na swichi moja ya kibodi, nimeiunganisha na betri mbili za tochi na taa ndogo ya diodi, mfano wa zile zinazowaka kwenye chaja ya simu. Nikachora ubaoni: kidole juu, springi katikati, vibati viwili chini. Nikaeleza kwamba kidole kinapobonyeza, springi hukandamizwa mpaka mwisho, vibati hugusana kwa nguvu ya kidole, na umeme hupita kwenye springi. Nilieleza kwa uhakika kabisa. Sikuwa nimepata kuifungua swichi ile hata mara moja.

Msichana mmoja wa dawati la mbele aliinua mkono. Akasema, “Mwalimu, taa imewaka kabla hujafika chini.” Nikamwambia aketi, hilo tutaliona baadaye. Hatukuliona. Jioni, nilipokuwa nikisoma karatasi za walimu wanafunzi, nikakuta mmoja wao ameandika kwa hati safi: Mwanafunzi alitoa hoja, mwalimu hakuifuata. Hakuongeza neno.

Usiku ule nilichukua bisibisi ndogo nikaifungua swichi. Msichana alikuwa sahihi, na mimi nilikuwa nimekosea mara mbili katika mchoro mmoja. Umeme haupiti kwenye springi hata kidogo. Wala kidole si kinachovigandamiza vibati vigusane. Kesho yake niliomba kipindi kwa mwalimu wa darasa, nikarudi na swichi nane, nikaanza kwa kumwita yule msichana aje mbele arudie alichokisema jana. Mchoro wangu tuliuacha ubaoni mpaka mwisho wa somo, wanafunzi wakausahihisha wao wenyewe kwa chaki nyekundu.

Swichi yenyewe

Ile niliyoifungua ni ya aina ya Cherry MX, iliyotokea Ujerumani katika miaka ya 1980 na ambayo umbo lake limeigwa na viwanda vingi tangu hapo. Utaitambua kwa urahisi: ukiking’oa kitufe chenye herufi kwa kukivuta wima, chini yake utaona kipande cha plastiki chenye alama ya msalaba. Rangi ya kipande hicho hutaja tabia ya swichi. Chenye rangi nyeusi hushuka kwa ulaini mpaka chini pasipo kizuizi. Cha kahawia kina kinundu kinachohisiwa na kidole katikati ya safari. Cha buluu huhisiwa na tena hulia.

Swichi imeunganishwa na bamba la kibodi kwa miguu miwili ya chuma iliyolehemiwa. Kuiondoa lehemu hiyo ni kazi ya mwalimu au ya fundi, tena ifanywe kabla ya siku ya somo, mahali penye hewa, na mikono ioshwe baadaye, kwa sababu lehemu ya kibodi za zamani ina risasi ndani yake, nayo risasi ni sumu kwa watoto hasa. Swichi ikiisha kutoka, utaona pande zake zina vishikizo vinne vidogo, viwili kila upande. Ukivipanua taratibu kwa ncha ya bisibisi au kwa waya mwembamba wa kubania karatasi, kifuniko hunyanyuka. Hapo angalia sana! Springi ina mazoea ya kuruka.

Mbele yako sasa mna vipande vinne: kifuniko, kitelezi chenye msalaba, springi, na sanduku la chini. Ndani ya sanduku, ubavuni, mmesimama vibamba viwili vyembamba vya shaba vinavyotazamana. Kimoja hakisogei. Cha pili ni chembamba zaidi na kina mnyumbuko. Ukikisukuma kwa njiti hurudi chenyewe. Mahali vinapogusana pamewekwa kijisehemu cha dhahabu, kwa kuwa dhahabu haipati kutu wala haifanyi utando unaozuia umeme. Wanafunzi wakilisikia neno dhahabu watataka wote kutazama, na waache watazame, ingawa ni kidogo mno kiasi kwamba macho hayatakiona vizuri bila kioo cha kukuzia.

Sasa chukua kitelezi ukitazame ubavuni. Kina miguu miwili yenye mteremko. Swichi inapokuwa imetulia, miguu hii ndiyo inayokisukuma kile kibamba chembamba kikae mbali na mwenzake. Kidole kinapobonyeza, kitelezi hushuka, miguu huondoka njiani, na kibamba hurudi kwa mnyumbuko wake chenyewe mpaka kikagusana na kile kingine. Kwa maneno mengine, kidole hakivikutanishi vibamba. Kidole huondoa kizuizi kilichokuwa kimevitenganisha. Hili ndilo jambo ambalo hakuna mwanafunzi, na nadiriki kusema hakuna mwalimu, aliyepata kulikisia mbele yangu kabla ya kufungua.

Faida ya mpango huo si ndogo. Watu hubonyeza kwa nguvu mbalimbali: mmoja hupapasa, mwingine hugonga kama anayetwanga. Lau nguvu ya kidole ndiyo iliyovigandamiza vibamba, mgusano wa mmoja ungekuwa hafifu na wa mwingine ungeviharibu. Kwa kuwa nguvu ya mgusano hutoka kwenye mnyumbuko wa kibamba, vibamba hugusana kwa kiasi kilekile kwa kila mtumiaji. Na ndiyo sababu taa huwaka kabla ya kufika chini: kitelezi husafiri milimita 4 kwa jumla, lakini miguu huwa imeachia kibamba baada ya milimita 2 hivi. Msichana yule aliona kwa macho yake jambo ambalo wenye kiwanda walilipanga kwa vipimo.

Na springi je? Kazi yake ni moja tu, nayo ni kukirudisha kitelezi juu. Hili wanafunzi wasiambiwe, wathibitishe. Funga swichi bila springi, uiunganishe tena na betri na taa, kisha mwanafunzi akisukume kitelezi chini kwa penseli. Taa itawaka kama kawaida. Lakini kitelezi hakitarudi, kitabaki chini, na taa itabaki ikiwaka. Kwa jaribio hilo moja dogo hufutika dhana ya umeme kupita kwenye springi, tena pasipo mwalimu kusema neno. Springi ya kitelezi cheusi huhitaji kani inayolingana takriban na uzito wa gramu 60 ili swichi ifike penye mgusano. Cha rangi nyekundu gramu 45 hivi. Darasa lenye mizani ya kujitengenezea laweza kulipima hilo kwa kuweka sarafu juu ya msalaba mojamoja mpaka taa iwake, na tofauti ya springi mbili itaonekana kwa hesabu ya sarafu.

Neno moja kuhusu taa. Usitumie balbu ya tochi katika majaribio haya. Vibamba hivi vimetengenezwa kwa mkondo mdogo sana wa umeme, na balbu huvuta mkondo mkubwa kupita kiasi chake. Diodi nyekundu, betri mbili na rezista ya omu 100 vyatosha. Taa isipowaka mara ya kwanza, igeuze diodi miguu yake, kwani hupitisha umeme upande mmoja tu.

Kitelezi cha buluu kinastahili kufunguliwa mwisho, baada ya wanafunzi kuzoea. Chenyewe ni vipande viwili: shina la buluu, na pete nyeupe inayolizunguka kwa ulegevu. Shina hushuka kwanza na pete hubaki imezuiliwa. Inapofika penye mgusano pete huachiliwa ghafula, hujirusha chini na kugonga plastiki, na huo ndio mlio. Waulize wanafunzi kabla ya kufungua mlio unatoka wapi. Wengi watasema vibamba vinagongana.

Springi inayopinda

Iko kibodi nyingine ambayo mlio wake hutokana na springi yenyewe, nayo ni ya IBM. Kibodi iliyokuja na kompyuta ya IBM PC mwaka 1981, na ile maarufu ya Model M iliyoanza mwaka 1985 na kutengenezwa kwa miaka mingi huko Lexington katika jimbo la Kentucky, Marekani, zote mbili hutumia springi inayopinda. Aliyeibuni ni Richard Hunter Harris wa IBM, na hataza yake ilitolewa mwaka 1978. Springi imesimama wima ndani ya mwanzi wa plastiki, na mguu wake umekaa juu ya kipande kidogo kinachoweza kubembea. Kitufe kinaposhuka, springi hukandamizwa kwanza kwa unyoofu. Kisha hufika mahali isipoweza tena kuvumilia kubaki nyoofu, hupinda ubavuni kwa mara moja, hugonga ukuta wa mwanzi, na kile kipande chini hubembea na kubonyeza utando wa umeme. Mlio, mhisio wa kidole na kupita kwa umeme vyote hutokea wakati mmoja, kwa kuwa vyote ni tendo moja.

Yaani springi isiyopitisha umeme katika swichi ya kwanza, hapa pia haipitishi umeme, lakini hapa ndiyo inayoamua. Kama huna kibodi hii, na yumkini hutakuwa nayo, chukua rula nyembamba ya plastiki. Isimamishe mezani na kuibonyeza kutoka juu kwa kiganja. Itastahimili, itastahimili, kisha itapinda kwa ghafula upande mmoja, na kiganja kitahisi imelegea. Kila mwanafunzi afanye na rula yake. Hakuna zana ya sayansi ninayoijua iliyo rahisi kuliko hiyo, na jambo inalolionyesha ndilo linalowashughulisha wahandisi wanapopanga nguzo za majengo marefu.

Kibodi ya mwaka 1981 ina tofauti moja na ya mwaka 1985 ambayo mwalimu yafaa aijue hata kama hataifundisha. Ndani yake hapana mgusano wa umeme kabisa. Kipande kinachobembea hubadilisha umbali kati yake na vijisahani vilivyo katika bamba, na badiliko la chaji ndilo linalosomwa na mashine. Kuna kibodi za aina hiyo ambazo kijisahani chake kimebandikwa juu ya kipande cha sponji. Nazo nyingi zilizodumu mpaka sasa hazifanyi kazi, kwa sababu sponji imeoza na kuwa unga, ilhali plastiki, shaba na kila kitu kingine kingali kizima. Ukibahatika kupata iliyooza, usiitupe. Mwanafunzi anayechambua kilichoikwamisha kibodi hiyo amejifunza zaidi ya yule aliyetazama nzima. Kadhalika zipo za sumaku, zilizotengenezwa na Honeywell kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, zinazotegemea jambo lililogunduliwa na Edwin Hall mwaka 1879, yaani kwamba sumaku ikisogezwa karibu na kibamba chenye mkondo wa umeme huusukuma umeme huo upande mmoja. Wazo hilo limerudi siku hizi katika kibodi za wachezaji wa michezo ya kompyuta, likitangazwa kana kwamba ni jipya.

Kibodi utakayoipata kwa hakika

Nimeeleza kwa urefu juu ya zile nzuri. Mwalimu mwanafunzi anayekwenda kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule ya kijijini ataambulia kibodi nyeusi ya plastiki ya bei nafuu, iliyomwagikiwa chai. Inafaa vilevile. Fungua skrubu zote upande wa chini (moja aghalabu imefichwa chini ya karatasi ya nembo) na utakuta tandiko la vikombe vidogo vya mpira vilivyofudikizwa, kikombe kimoja chini ya kila kitufe. Chini yake mna karatasi tatu za plastiki angavu. Ya juu na ya chini zimechorwa njia za umeme kwa wino wenye chembe za fedha au kaboni. Ya kati haina njia, ila ina matundu. Kidole kikibonyeza, kikombe cha mpira huporomoka kwa ghafula kama rula ilivyopinda, huisukuma karatasi ya juu ipite kwenye tundu na kugusana na ya chini.

Katika aina hii mchoro wangu wa kwanza ungekuwa karibu na ukweli, kwani hapa nguvu ya kidole ndiyo inayokutanisha. Nalitaja kwa sababu mwalimu aweza kufundisha maelezo yaliyo sahihi kwa kifaa kimoja na kuyapachika kwenye kingine, kama nilivyofanya. Nayo chai iliyomwagika huonekana kwa macho: hujipenyeza kati ya karatasi na kuila njia ya wino, na ukifuata njia hiyo kwa kidole utafika mahali ilipokatika. Wape wanafunzi wataje ni vitufe vipi vilikufa kwa sababu hiyo. Ni kazi ya nusu saa, na wataing’ang’ania.

Waya ishirini na nne

Wanafunzi wepesi watauliza inawezekanaje vitufe zaidi ya mia moja vijulikane kila kimoja peke yake na mashine. Kama kila kitufe kingekuwa na waya zake mbili, kibodi ya Model M yenye vitufe 101 ingehitaji waya 202. Ukiifungua utakuta njia 24 tu. Zimepangwa 16 kwa wima na 8 kwa mlalo, na kila kitufe kimekaa penye makutano ya njia mbili. Kumi na sita mara nane ni 128, idadi inayotosha na kuzidi. Kijidubwasha cha elektroniki ndani ya kibodi hupeleka umeme katika njia moja ya wima baada ya nyingine, kwa kasi kubwa mno, na kila mara hutazama ni njia gani ya mlalo imepata jibu.

Hapa darasa lenyewe ni zana. Wanafunzi wameketi kwa safu wima na safu mlalo tayari. Mwalimu amnong’oneze mwanafunzi mmoja kwamba yeye ndiye kitufe kilichobonyezwa. Kisha mwingine, aliyegeukia ukutani, aite safu wima kwa namba, moja baada ya nyingine. Safu yenye kitufe ikiitwa, mkuu wa safu mlalo ya mwenzao huyo hupiga makofi mara moja. Aliyegeukia ukuta atamtaja mwenzake kwa jina pasipo kumwona. Wakiisha kulizoea, chagua watatu walioketi kwenye pembe tatu za mstatili mmoja, na uwaache wanafunzi wagundue kwamba umeme waweza kuzunguka kupitia hao watatu na kuifanya mashine idhani pembe ya nne nayo imebonyezwa. Kibodi nzuri hulizuia hilo kwa kuweka diodi penye kila kitufe. Zile za nafuu hukataa tu kupokea kitufe cha ziada.

Tahadhari ambayo haina mjadala

Kibodi iliyotengwa na kompyuta haina umeme, na hata ikiwa imeunganishwa hupata volti 5 tu. Hatari ya umeme katika somo lenyewe ni ndogo. Hatari kubwa iko nyumbani, baada ya somo. Mtoto aliyefurahia kufungua kibodi atatamani kufungua kitu kingine, na kitu kilicho karibu naye ni televisheni. Televisheni ya zamani yenye kioo kinene huhifadhi umeme wa maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa ukutani, na tanuri la mikrowevu vivyo hivyo lina umeme unaoweza kuua likiwa limechomolewa. Mwalimu asimalize kipindi bila kulisema hili kwa maneno makavu, na kuwataka wanafunzi walirudie: kitu chochote kinachochomekwa ukutani hakifunguliwi na mtoto, hata kama hakijachomekwa. Nimewahi kumsikia mwalimu mmoja akidai kwamba onyo la namna hii huua udadisi. Sikubaliani naye. Udadisi unahitaji mtoto aliye hai.

Kuliendesha somo

Panga vipindi viwili vya dakika 40 vinavyofuatana. Kibodi moja ya swichi za Cherry au za Alps ya Japani hutoa swichi zinazokaribia mia moja, kwa hiyo hata darasa la wanafunzi sabini kila mmoja aweza kushika yake; jambo hilo ni nadra katika ufundishaji wetu, na mwalimu alitumie. Kama swichi ni chache, wagawe wanafunzi wannewanne, na kazi ya kila mmoja ijulikane: anayefungua, anayepokea vipande, anayechora, anayeuliza. Wabadilishane.

Kipindi cha kwanza kianze kwa swichi iliyofungwa na taa yake. Wanafunzi wabonyeze polepole, wasikilize, watazame taa inawaka wapi. Kisha kila mmoja achore katika daftari anavyodhani mambo yalivyo ndani, kwa wino, wala si kwa penseli, ili mchoro usifutike. Usiusahihishe. Ukionyesha kwa uso wako kwamba fulani amepatia, wengine wote watanakili wake. Baada ya hapo wafungue, juu ya kitambaa cheupe na ndani ya kifuniko cha boksi, kwa sababu springi iliyoruka kwenye sakafu ya udongo haionekani tena. Vipande vipangwe kwa mfuatano vilivyotoka, kutoka kushoto kwenda kulia. Mchoro wa pili huchorwa ukurasa wa pili, ukielekeana na ule wa kwanza.

Kipindi cha pili ni cha jaribio la springi, na cha kuunga tena. Kuunga ndiyo mtihani wenyewe. Mwanafunzi akiweka kitelezi kinyume, miguu yake haitaelekea vibamba, na taa itawaka daima isizimike. Asisaidiwe haraka. Aulizwe: kwa nini inawaka muda wote? Akijibu kwamba hakuna kitu kinachovitenganisha vibamba, amefahamu swichi hii kuliko nilivyoifahamu mimi nilipokuwa nikiichora ubaoni. Katika andalio la somo ziachwe dakika kumi kwa ajili ya maswali ambayo hukuyatarajia, nayo yaandikwe pembeni mwa ubao kadiri yanavyotolewa, pamoja na jina la aliyeuliza, hata yale usiyoweza kuyajibu siku ile.

Kabla wanafunzi hawajatoka, hesabu springi. Zikipungua, mara nyingi moja utaikuta katika mfuko wa kaptula, imehifadhiwa vizuri kwa ajili ya kwenda kuonyeshwa mdogo wake nyumbani. Mimi huwa naiacha iende.